Misimbo ya Magonjwa: Kijana wa Voi Aanzie Wapi?

Abiria wa bodaboda anagongwa na lori kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, karibu na Maungu. Anakimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi akiwa amevunjika mfupa wa muundi. Anapigwa eksirei, daktari anaandika aliyoyaona, mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji. Ikibaki faili mezani, inaanza kazi ambayo mgonjwa haioni kamwe: mtu anaisoma ukurasa kwa ukurasa na kuigeuza kuwa herufi na tarakimu. Katika orodha ya kimataifa iitwayo ICD-10, mfupa wa muundi uliovunjika katikati ni S82.2. Abiria wa pikipiki aliyegongwa na lori au basi barabarani ni V24.5. Lau angekuwa mwendeshaji, ingeandikwa V24.4.

Huo ndio usimbaji wa kimatibabu. Siku hizi unanadiwa kwa vijana kama kazi ya kufanyia nyumbani: soma mtandaoni miezi kadhaa, fanya mtihani wa Marekani, ulipwe dola ukiwa Voi, Mwatate au Taveta. Ahadi hiyo ina ukweli, ila ukweli wake una masharti ambayo matangazo huyaruka. Tuyapitie moja baada ya jingine kabla mtu hajauza ng'ombe kulipa ada.

Orodha ya kuhesabu, kisha ya kulipana

Orodha hii haikuanza kama jambo la fedha. Mwaka 1893, katika mkutano wa wanatakwimu mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mpangilio mmoja wa visababishi vya vifo ili nchi mbalimbali ziweze kulinganisha takwimu zao. Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo mwaka 1948, likaongeza na maradhi yasiyoua. Toleo la kumi liliidhinishwa mwaka 1990. Toleo la kumi na moja, ICD-11, lilipitishwa mwaka 2019 na likaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022.

Watu wa Taveta wana sababu ya kujua thamani ya hesabu kama hizo. Kati ya mwaka 1954 na 1959, mradi wa malaria wa Pare na Taveta ulinyunyizia nyumba dawa ya dieldrin pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika. Watafiti walipima damu na kufuatilia vifo vya watoto ili wajue kama dawa ilifaa. Bila kuandika kwa mpangilio mmoja nani aliugua nini na nani alikufa kwa nini, mradi ule ungebaki hadithi ya kunyunyizia dawa.

Marekani ndiko orodha ilikogeuka kuwa lugha ya malipo. Kila daktari anayemtibu mtu mwenye bima hupeleka madai yenye misimbo ya aina mbili: ya ugonjwa, inayoeleza kwa nini alimtibu, na ya huduma, inayoeleza alifanya nini. Misimbo ya huduma, CPT, inamilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, ambacho kiliitoa mara ya kwanza mwaka 1966. Ya ugonjwa ni toleo lao wenyewe, ICD-10-CM, lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015. Toleo la dunia lina misimbo takriban 14,000. La kwao linapita 70,000. Muundi wetu wa Maungu, ambao hapa unatosheka na S82.2, huko hudai kueleza ni mguu wa kulia au wa kushoto, mfupa umetoboa ngozi au la, na kama hii ni awamu ya matibabu yenyewe au mgonjwa yuko katika kupona. Hapo ndipo hutokea msimbo mrefu kama S82.201A. Huduma isipooana na ugonjwa, bima hukataa kulipa. Kwa ajili hiyo Wamarekani wameunda taaluma nzima yenye vyama vyake, kama AHIMA, chenye asili ya mwaka 1928, na AAPC, kilichoundwa mwaka 1988.

Kilichobadilika Kenya

Kwa miaka mingi msimbo haukuwa na uzito huo Kenya. Bima ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ililipa sehemu kubwa kwa vifurushi na kwa siku za kulazwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambako mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75. Madai sasa yanapitia mfumo wa kidijitali, na kila dai linatazamwa kwa jicho moja: mgonjwa alikuwa na nini, alifanyiwa nini, na mawili hayo yanaoana?

Chukua mfano wa uzazi. Kwa viwango vya SHA vya mwaka 2024, kujifungua kwa njia ya kawaida hulipwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji shilingi 30,000. Katika ICD-10, la kwanza ni O80 na la pili ni O82. Tarakimu moja inabeba tofauti ya shilingi 20,000. Karani akikosea kwa kushuka, hospitali inapoteza fedha za dawa na mishahara. Akikosea kwa kupanda, hilo lina jina lingine: wizi. Mnamo Agosti 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa vya afya kwa tuhuma za udanganyifu, yakiwemo madai ya wagonjwa wa nje walioandikwa kana kwamba walilazwa.

Mabadiliko haya yana maana kubwa kwa kijana wa Taita Taveta kuliko tangazo lolote la dola. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta kaunti hii na watu 340,671, wanaotibiwa Voi, Wesu, Mwatate, Taveta na katika zahanati za vijijini. Kila matibabu ya bima huacha dai nyuma yake. Kazi ya kulisoma na kulihakiki iko hapa hapa.

Ujuzi wenyewe ni kusoma

Wengi hudhani msimbaji ni mtu wa kukariri tarakimu. Hakuna anayekariri. Vitabu vipo, na kompyuta hutafuta upesi. Kigumu ni kujua daktari amesema nini hasa, na amenyamazia nini.

Tuseme faili ya mtoto kutoka Taveta ina homa ya siku tatu, na daktari wa kliniki ameandika "?malaria". Kipimo kimerudi bila vimelea. Msimbaji asiyefunzwa ataona neno malaria na kuandika B54, yaani malaria isiyobainishwa. Aliyefunzwa anajua kwamba alama ya kuuliza ni shaka, na kwamba kwa mgonjwa wa nje, kanuni za Marekani zinakataza kuisimba shaka kama ugonjwa uliothibitishwa. Ataandika dalili, homa, R50.9. Kipimo kingeonyesha vimelea vya falciparum, ingekuwa B50, na vikipanda ubongoni, B50.0. Zidisha kosa hilo moja kwa mafaili ya mwezi mzima, na kaunti itaagiza dawa za malaria kwa watoto wenye maradhi mengine.

Ndiyo maana kozi yoyote ya maana huanza na mwili wa binadamu: mifupa, viungo vya ndani, mishipa ya damu. Hufuata istilahi za madaktari, dawa na kazi zake, kisha kanuni za kusimba, na mwisho mazoezi mengi ya mafaili. Hayo matatu ya mwanzo yanafundishika vizuri mtandaoni. Mtandao huteleza kwenye mafaili, kwa sababu mafaili ya mazoezi huwa safi, yamepigwa chapa na yamekamilika. Faili ya kweli ina mwandiko wa haraka, vifupisho vya wadi na kurasa zilizopotea. Hiyo hujifunzwa ukiwa na mtu wa kumwuliza.

Mlango wa Marekani

Mtihani maarufu zaidi ni CPC wa AAPC: maswali 100 ya kuchagua jibu, saa nne, na kufaulu ni asilimia 70. Unaweza kuufanya ukiwa nyumbani huku msimamizi akikutazama kwa kamera, na vitabu vinaruhusiwa. Lakini vitabu hivyo vinanunuliwa, na toleo jipya hutoka kila mwaka. Ukijumlisha ada ya mtihani, uanachama na vitabu, unazungumzia mamia ya dola kabla hujalipia somo hata moja.

Ukifaulu bila uzoefu wa kazi, cheti chako hubeba herufi A, ya mwanagenzi, hadi uthibitishe uzoefu. Hapo ndipo wengi hukwama: mwajiri anataka uzoefu, na uzoefu unapatikana kwa mwajiri. Kwa Mkenya kuna vikwazo vingine. Baadhi ya majimbo ya Marekani hayaruhusu kazi za bima ya Medicaid kutoka nje ya nchi. Kampuni zinazotoa kazi nje huzipeleka zaidi India na Ufilipino, ambako kuna ofisi zenye wasimamizi na miaka mingi ya mazoea. Chennai ni kitovu kinachojulikana. Tena programu za kompyuta zimeanza kusimba zenyewe mafaili mepesi, yale yale ambayo wanagenzi walikuwa wakianzia.

Hayo hayaufungi mlango. Yanaonyesha kwamba cheti peke yake hakiufungui, na kwamba yeyote anayekuahidi kazi baada ya kozi anakuuzia kitu asichokimiliki.

Mlango wa nyumbani

Kenya inayo sheria ya wasimamizi wa rekodi na taarifa za afya ya mwaka 2016, na bodi inayowasajili na kuwapa leseni. Cheti cha Marekani hakichukui nafasi ya usajili huo katika hospitali ya Kenya. Njia ya kawaida ni chuo: KMTC hufundisha rekodi za afya na teknolojia ya habari kwa ngazi ya cheti na ya stashahada, na mwanafunzi hupelekwa hospitalini kwa mazoezi. Huko ndiko anakokutana na mwandiko wa kweli.

Na mtandao? Hapa ndipo unapofaa kwelikweli, tena bila ada. Shirika la Afya Duniani limeiweka ICD-11 nzima wazi mtandaoni pamoja na mafunzo yake, na lina somo la kujifunzia ICD-10 mwenyewe. Hata ICD-10-CM ya Wamarekani hupakuliwa bure kutoka serikalini kwao. Kinacholipiwa ni CPT. Mwenye bando na subira anaweza kujua ndani ya miezi miwili kama kazi hii inamfaa, kabla hajatoa hata shilingi ya ada.

Kuhusu mazingira ya kazi, Voi ina bahati ya kukaa kwenye njia kuu ya nyaya za mawasiliano kati ya Mombasa na Nairobi. Kule milimani mtandao hutegemea umekaa upande gani wa mlima. Umeme nao hukatika, na mtihani wa saa nne mbele ya kamera hausubiri urudi. Zaidi ya hayo kuna siri ya mgonjwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Marekani inayo sheria yake ya HIPAA ya mwaka 1996. Faili ya mgonjwa haifunguliwi kwenye saiba, haipigwi picha ikatumwa WhatsApp, wala haisomwi sebuleni jamaa wakipita. Anayetaka kufanyia kazi hii nyumbani ahesabu na gharama ya chumba chenye mlango unaofungwa.

Mpangilio unaofaa

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, hesabu inaelekea upande mmoja. Aanze na masomo ya bure ya Shirika la Afya Duniani ajipime. Akiona anaipenda kazi, atafute nafasi chuoni asomee rekodi za afya, asajiliwe na bodi, afanye kazi na mafaili ya hapa. Cheti cha Marekani kije baadaye, kikiwa nyongeza juu ya uzoefu anaoweza kuuonyesha. Kwa muuguzi, daktari wa kliniki au afisa wa rekodi aliye kazini tayari, hesabu ni tofauti: huyo anaujua mwili na anaujua mwandiko wa wadi, na kozi ya mtandaoni inaweza kumpa kile anachopungukiwa.

Kwa serikali ya kaunti, wajibu ni mwepesi kutaja. Ajirini maafisa wa rekodi wa kutosha na muwafundishe ICD-11, kwa sababu kila dai linalokataliwa ni dawa inayokosekana wodini. Na kwa mzazi anayeombwa ada ya kozi ya mtandaoni, amwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutuma M-Pesa: kozi hii inafundisha misimbo ya nchi gani, cheti chake kinatambuliwa na bodi ipi, na nani atampa mwanangu mafaili ya kweli ya kufanyia mazoezi? Majibu yasipopatikana, fedha zibaki mfukoni.