Elfi wa Usambara: Namna ya Kubuni Watu wa Msitu katika Gemu

Kijana wa Lushoto mwenye simu anaweza leo kucheza gemu ileile anayocheza kijana wa Tokyo. Mwenye kompyuta anaweza hata kujifunza kutengeneza ya kwake, kwa kuwa baadhi ya programu za kazi hiyo hupatikana bure. Katika gemu za fantasia, yaani zile zenye ulimwengu wa kubuni, kuna watu wanaojirudia sana, nao huitwa elfi. Tusiwachanganye na elfu ya hesabu. Elfi ni warefu, wembamba, wenye masikio yaliyochongoka. Wanakaa msituni, wanapiga upinde, na hawazeeki.

Je, mbunifu anayetoka Usambara, mwenye msitu halisi karibu na mlango wake, awachore vipi watu hao? Ushauri wa makala hii ni kwamba asianze na masikio. Aanze kwa kuuliza watu hao wanadaiwa nini na ardhi wanayokalia.

Elfi walitoka wapi?

Asili ya elfi ni masimulizi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini. Katika karne ya 13, Snorri Sturluson wa Iceland aliandika juu ya elfi wa nuru na elfi wa giza. Lakini elfi wa gemu za leo wanatokana zaidi na J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford, aliyechapisha The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955. Tolkien alikuwa Mkatoliki. Mama yake aliingia katika Kanisa mwaka 1900, na alipofariki mwaka 1904 watoto wake wakabaki chini ya ulezi wa Padre Francis Morgan wa Birmingham.

La kushangaza ni kwamba katika kitabu hicho masikio yaliyochongoka hayatajwi. Tolkien alianza na lugha. Alibuni Kiquenya akivutiwa na Kifini, na Kisindarin akivutiwa na lugha ya Wales. Kisha akajiuliza kuhusu kifo. Elfi wake wanaweza kuuawa, lakini hawafi kwa uzee. Wamefungamana na dunia hii mpaka mwisho wake, nao hukaa wakitazama kila walichokipenda kikichakaa. Binadamu, kinyume chao, amepewa kifo kama zawadi, kwa sababu safari yake inavuka mipaka ya dunia. Huzuni ya elfi, nyimbo zao na utaratibu wao wa kutunza vitu vyote vinatoka katika mzizi huo. Waigaji wengi walichukua sura wakauacha mzizi.

Hatari ya kuzaliwa bora

Gemu nyingi hufuata utaratibu ulioenezwa na mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974. Kila jamii hupewa namba zake za akili, nguvu na wepesi, hata kabla mhusika hajatenda lolote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mchezo huo ukaongeza elfi wenye ngozi nyeusi, waitwao drow, ambao karibu wote walikuwa waovu. Mwaka 2020 kampuni inayoumiliki ilitangaza kwamba itarekebisha jinsi jamii hizo zinavyochorwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayo sababu ya pekee ya kuwa macho hapa. Mwaka 1863 mpelelezi John Hanning Speke alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba watawala warefu wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa wa asili nyingine, waliotoka upande wa Uhabeshi, na kwa hiyo walikuwa bora kuliko waliowatawala. Wakoloni waliipokea nadharia hiyo. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la mtu katika vitambulisho vya Rwanda, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika kuchagua nani auawe. Gemu peke yake haileti maafa kama hayo. Hata hivyo, anayebuni watu warefu, wazuri na bora kwa kuzaliwa, akawaweka juu ya wafupi na wabaya kwa kuzaliwa, anarudia hadithi ambayo eneo letu limekwisha kuilipia kwa damu.

Tolkien mwenyewe alisumbuliwa na jambo hili. Orki wake walikuwa maadui wa kila mtu, lakini imani yake ilimfundisha kwamba uovu hauwezi kuumba, unaweza tu kuharibu kilichoumbwa chema. Basi, je, kunaweza kuwako watu wasioweza kuokoka kabisa? Alilirudia swali hilo mara nyingi bila kutulia. Mbunifu Mkristo hawezi kulikwepa.

Msitu unafundisha nini?

Turudi milimani. Misitu ya Usambara, kama Magamba juu ya Lushoto na Amani upande wa mashariki, ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingine. Ua dogo la zambarau linalouzwa vyunguni duniani kote, Saintpaulia, limepewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyelikuta katika eneo hili mwaka 1892. Ua hilo huota penye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli. Miti mikubwa ikikatwa na jua likaingia, hufa.

Hapo kuna kanuni ya gemu. Watu wa msitu wetu wanaweza kuwa watu wa kivuli, ambao nguvu zao hupungua mchezaji anapofyeka miti. Mavazi yao yawe ya kustahimili ukungu na baridi ya Julai, na miguu yao iwe imezoea miteremko. Atakayesimama Irente na kutazama nyika iliyo chini ataelewa pia kwa nini Wasambaa hutofautisha sana nchi ya milimani na nyika.

Ishara nazo zichunguzwe. Milima hii ina bundi pia. Mchezaji wa Ulaya akimwona bundi huwaza hekima, lakini wengi wetu tukimwona huwaza uchawi. Mbunifu achague akijua nani atamwona.

Kuhusu lugha, Usambara ina somo ambalo Tolkien angelifurahia. Wambugu wa hapa wana Kimbugu cha kawaida, lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kipare, na pia wana Kima'a, chenye sarufi hiyohiyo lakini maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi. Lugha ya kubuni inaweza kujengwa kwa njia hiyo, yaani sarufi ya majirani na maneno ya kumbukumbu. Lakini Wambugu wenyewe wasigeuzwe kuwa elfi. Ni majirani, na jirani si jamii ya gemu.

Mbegha na ardhi

Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichoandika Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy kwa Kiswahili, kinasimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, akanyimwa urithi na ndugu zake. Alipofika Usambara aliua nguruwe mwitu waliokuwa wakila mazao, akagawa nyama, akaua simba, na mwishowe akafanywa mfalme huko Vugha.

Tazama tofauti. Mbegha ni mgeni, na kwao alihesabiwa mkosi, lakini hapewi ufalme kwa sura wala kwa kuzaliwa. Anaupata kwa kulisha na kulinda. Tena mfalme wa Wasambaa alipimwa daima: je, anaiponya nchi, kuzifya shi, au anaiharibu, kubana shi? Mvua na njaa vilikuwa sehemu ya hukumu yake.

Kwa hiyo badala ya namba ya akili aliyozaliwa nayo mhusika, gemu ya Usambara inaweza kuwa na kipimo cha nchi, kinachopanda na kushuka kwa matendo ya mchezaji. Kwamba gemu ya Kiafrika inaweza kusimama juu ya mizizi yake kumekwisha kuonekana. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, ambamo shujaa huchota nguvu kutoka katika urithi wa wahenga wake.

Kabla ya kuchora

Kijana anayetaka kujaribu aandike kwanza majibu ya maswali matano. Watu hawa wanakula nini, na nani huwapikia? Wanawazikaje wafu wao? Wanaogopa kupoteza nini? Mbaya wao alifikaje kuwa mbaya, na anaweza kurudi kwa njia gani? Nani kati ya majirani zetu anaweza kujiona amedhihakiwa? Mahali pa matambiko na makaburi ya ukoo halisi pasifanywe uwanja wa vita, na masimulizi ya ukoo yaulizwe kwa wazee wake kabla ya kutumika.

Akishajibu hayo, achukue penseli. Masikio ayachonge apendavyo.