Fahamu: Jinsi Waswahili wa kale walivyohesabu siku na miaka

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na hesabu mbili za mwaka. Ya kwanza ni ya Hijria, inayofuata mwezi mwandamo: maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanataja mwaka 500, yaani 1107 Miladia. Siku yake huanza jua linapotua, ndiyo maana Waislamu huanza Ramadhani usiku.

Lakini mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Nahodha aliyengoja pepo za msimu, kaskazi au kusi, asingeweza kuutegemea. Yeye alihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi: siku 365, zilizogawanywa katika makumi 36, na tano za ziada. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15, alitaja misimu ya safari kwa siku za Nairuzi. Kasoro ya Nairuzi ni kukosa mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne. Watu wa Makunduchi, Unguja, bado huadhimisha Nairuzi kila Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa.