Muuguzi Naye Huchoka

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya wauguzi. Sisi wa mijini tukikutana, hadithi ni ile ile: manesi wakali, manesi hawana huruma. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo. Leo naomba tutazame upande wa pili.

Twende Mamba, katika bonde la Ziwa Rukwa, mkoani Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipogawanywa Mkoa wa Rukwa. Mvua za Novemba hadi Aprili zikikolea, safari ya kutoka Mpanda kwenda huko si ya mchezo. Chukulia muuguzi wa zamu ya usiku mahali kama hapo. Yuko peke yake. Mama mmoja ana uchungu wa uzazi, mtoto ana degedege, na dripu ya mgonjwa wa tatu inakwisha. Kunakucha, wa kumpokea hajafika. Yuko halmashauri anafuatilia madai yake. Basi anaunganisha zamu.

Huyu akifoka, tunasema ana roho mbaya. Kumbe uchovu hauli mwili tu, unakula na ujuzi. Mkono uliofundishwa vizuri chuoni unasahau kupima presha ya mzazi kwa wakati, na jicho linasoma vibaya kipimo cha dawa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania. Kila mgonjwa mmoja aliyezidi katika mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Ikiwa kwa wenye nacho mambo ni hayo, sembuse kwetu?

Lakini wingi wa kazi hauvunji moyo kama upendeleo. Wauguzi wawili wanafanya kazi moja. Mmoja haishi kuitwa semina, mwingine anaachiwa wodi. Huyu wa pili hakosi posho tu. Anakosa maarifa mapya, na hapo upendeleo unamfikia mgonjwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5. Kinachotakiwa ni utekelezaji. Zamu zibandikwe ukutani kila mtu azione, semina ziende kwa mzunguko, madai yalipwe bila mtu kufunga safari, na nyumba ya muuguzi iwe karibu na kazi yake.

Sisemi uchovu ni ruhusa ya kumtukana mgonjwa. Nasema tukimkuta nesi amekunja uso, tumwulize kwanza: jana ulilala saa ngapi? Jibu lake tulipeleke kwa mwajiri.