Ngitili: Akiba ya Malisho

Msafiri apitaye Usukuma mwezi wa Julai, wakati mbuga zimebaki vumbi na mbavu za ng'ombe zahesabika, hukuta ghafula kipande cha nchi chenye majani marefu makavu, yamesimama bila kuguswa, naye asipokuwa mwenyeji hudhani ni pori lililosahauliwa. Sivyo. Hiyo ni ngitili, malisho ambayo wenyewe huyafunga mvua zinapoanza, wasiyafungue ila kiangazi kimekwisha kuwa kikali, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia.

Siri yake imo mizizini. Nyasi ikiliwa huchota akiba iliyojiwekea shinani na mizizini ili ichipue upya. Ikiliwa tena kabla haijairejesha, mizizi hufupika, na mvua ijayo hukuta udongo mtupu, maji yakapita mbio badala ya kuzama.

Lakini nyasi peke yake haitoshi, na hapa ndipo nitakapo wafugaji wanisikilize. Majani yaliyokomaa huwa magumu, na protini yake aghalabu hushuka chini ya sehemu 7 katika 100, hata vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe, ambavyo ndivyo viyeyushavyo majani, vikakosa riziki yao. Basi mnyama hushiba na huku anakonda. Dawa yake ni mimea ya jamii ya mikunde, mathalani fiwi na lusina, ambayo mizizi yake hukaribisha bakteria wenye kuteka nitrojeni ya hewani. Lusina lakini isizidi theluthi ya chakula, maana ina sumu.

Ngitili zenyewe zilikaribia kutoweka. Zama za ukoloni miti ya Shinyanga, huko huko Usukuma, ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa, hata mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa karne hii zilikwisha kupita hekta 300,000. Kwa maoni yangu, kilichofaa kuliko miche yote ya mpango huo ni dagashida, baraza la wanakijiji, lenye kumtoza faini kila aingizaye mifugo pasipo idhini.

Nawe mwenye ng'ombe, funga japo ekari 2, panda fiwi kandokando mvua za kwanza zinaponyesha, wala usifungue kabla mbegu za nyasi hazijapukutika.