Datsun ya mbio iliyojifunza kufika Nimule

UKIINGIA soko la Konyo Konyo hapa Juba alfajiri, utawakuta akina mama wakipanga nyanya, vitunguu na ndizi kutoka Uganda. Pembeni yamejaa malori, bodaboda na Toyota za kila aina.

Katikati ya magari hayo kuna moja dogo ambalo watu huliulizia bei kila siku. Ni Datsun 1600 SSS, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni langu, na ndilo hunipeleka mpakani kufuata mzigo.

Nilirejea Juba mwaka 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani, nikitokea Kenya nilikokulia. Huko, jina la Datsun lilikuwa midomoni mwa kila mtu msimu wa Safari Rally. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio hizo wakiendesha 1600 SSS kama hii yangu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa Datsun 240Z, kisha akatwaa tena ushindi kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982.

Kwa hivyo barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule ilipokamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, nilitafuta gari la ndoto zangu nikalinunua. Shemeji yangu alinionya.

"Nunua Probox, bwana. Hilo ni la kutazamwa tu," akaniambia.

Sikumsikia. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kasi. Nilimwambia fundi achonge silinda hedi ili mgandamizo uongezeke, kisha afunge kabureta mbili kubwa za mashindano. Gari liliunguruma kama simba, nami nikavimba kichwa.

Machi 2013 nilikwenda kupokea lori la nyanya mpakani. Mwezi huo joto hupita nyuzi 35, na petroli niliyojaza ilikuwa ya kando ya barabara, ile inayouzwa kwenye chupa za plastiki. Injini ilianza kugonga. Mgandamizo mkubwa na petroli hafifu havipatani: mafuta hulipuka kabla ya wakati, joto hupanda, kisha gasketi ya silinda hedi huungua. Yangu iliungua nikiwa bado mbali na Nimule.

Lori lilisubiri mwenye mzigo kwa siku mbili juani. Nyanya zilioza, na deni la akina mama walionipa pesa zao likabaki shingoni mwangu. Nililipa kwa miezi 5.

Fundi aliyeniokoa ni Mganda mwenye gereji ndogo karibu na soko. Alifungua boneti, akacheka.

"Bosi, unajua magari ya Safari yalishinda kwa nini? Mengine yalikufa njiani, hayo yakafika," akasema.

Tulianza upya, na kanuni yetu ilikuwa moja: kila kinachoweza kuharibika kiwe na spea inayopatikana Konyo Konyo, au kwa siku moja kutoka Kampala.

Tuliweka silinda hedi isiyochongwa na kabureta moja ya kawaida. Nguvu ilipungua, lakini sasa injini inakubali petroli ya hapa. Rejeta ya zamani tuliitoa, tukaweka nene zaidi yenye feni ya umeme. Alternata ni ya Toyota, kwa kuwa hiyo haikosekani Juba.

Platini tuliziondoa tukafunga mfumo wa kielektroniki, ila seti ya zamani ipo kwenye buti pamoja na bisibisi. Mafuta hupita machujio mawili kabla ya kufika kwenye kabureta. Waya zote za miaka 40 tulizing'oa, kila taa ikapata fyuzi yake. Chini ya sampu tulifunga bamba la chuma, na springi tukaziinua kidogo kwa ajili ya mashimo.

Breki ndizo zilizokula pesa nyingi kuliko kitu kingine. Mipira yote ilibadilishwa, hata ile iliyoonekana mizima. Mpira wa breki huzeeka kwa ndani, na macho hayaoni.

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Uganda na Kenya huendesha upande wa kushoto, ilhali sisi huendesha kulia tangu Sudan ilipohama mwaka 1973. Usukani wa gari langu uko kulia. Nikiwa nyuma ya lori sioni kinachokuja mbele. Kwa hivyo huacha nafasi kubwa, na silipiti lori kama hakuna mtu kiti cha kushoto wa kunichungulia njia. Wafanyabiashara wengi wenye magari ya Kampala hulipuuza hili, na wengine wamelipa kwa maisha yao.

Vita vilipozuka tena Juba Julai 2016, maelfu walikimbilia mpakani. Asubuhi tuliyoamua kuondoka, jirani yetu mwenye gari jipya zaidi alikuwa akihangaika na betri. Niligeuza ufunguo wa Datsun. Ikawaka mara ya kwanza.

Tulikuwa watu 6 ndani, pamoja na mama mkwe na watoto wawili wa jirani. Sikumbuki tulikwenda kwa kasi gani. Nakumbuka geji ya joto, ambayo haikupita katikati hadi Nimule.

Tangu siku hiyo shemeji hajataja Probox tena.

Anayetaka gari la zamani la kutumia kila siku, ushauri wangu ni huu: aanze na breki, upoozaji na waya, kisha rangi na sauti zingoje. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kuliongezea nguvu, aulize sokoni kitapatikana wapi siku kitakapovunjika. Asipopata jibu, akiache dukani.

Wanaoniuliza bei pale Konyo Konyo hupata jibu lile lile kila siku: haliuzwi.