Damu Ikipungua Ubongoni: Mtoto Mchanga na Mzee

Yatokea Kampene kama yatokeavyo kwingineko: mtoto azaliwa, halii. Katika nyumba nyingine mzee aamka asubuhi, mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea. Watu wanong'ona: “Amerogwa.” Hasha! Wote wawili wana hatari moja: ubongo kukosa damu na hewa.

Ubongo ni mdogo. Uzito wake ni kama sehemu 2 katika 100 za mwili, walakini watumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yetu. Tena hauna ghala. Ukikosa damu dakika chache tu, chembe zake zaanza kufa.

Chembe hizo hupelekeana habari kwa kemikali mbalimbali. Moja yaitwa serotonini. Mwaka 1948, huko Cleveland, Marekani, mabwana Rapport na Page pamoja na bibi Green waliitoa katika damu. Mwaka 1953 ikajulikana kuwa imo ubongoni pia. Hutengenezwa katika shina la ubongo, nayo yasaidia pumzi, usingizi na utulivu wa moyo.

Kwa mtoto mchanga serotonini ni kama fundi wa nyumba inayojengwa. Katika majaribio, panya wachanga walionyimwa damu na hewa walipungukiwa na chembe hizo, na hasara ikadumu. Kwa mzee nyumba imekwisha kujengwa. Damu ikizibwa, nyuzi zipelekazo habari hukatika. Wataalamu wengi wadhani kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya huzuni nzito impatayo mgonjwa 1 katika 3 hivi baada ya kiharusi. Basi, mzee akataaye chakula na mazungumzo si mkaidi. Ni mgonjwa, na dawa ziko.

Tufanye nini? Mama ajifungue penye mkunga, ili mtoto asiyepumua asaidiwe katika dakika ya kwanza. Nchini Tanzania, tangu mwaka 2009, wakunga wa hospitali 8 walifundishwa kazi hiyo, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua karibu nusu. Wazee nao wapimwe presha, wapunguze chumvi. Kiharusi kikitokea, usimtafute mchawi. Mpeleke mgonjwa hospitali saa ile ile.

Kisha keti karibu naye, uzungumze naye hata asipojibu. Kutazama wagonjwa ni tendo la huruma, nalo laanzia nyumbani.