Kusafiri kwa Chelezo Maji Yapunguapo

Watu wengi hudhani ya kuwa mto ukipungua maji hauna hatari tena, maana mtu aweza kuuvuka kwa miguu. Kwa msafiri wa chelezo mambo ni kinyume, nasi twapenda kueleza sababu, tukiutwaa mto Rufiji kuwa mfano.

Tangu zamani Rufiji hujaa kadiri ya mwezi wa Aprili, ukapungua mno Oktoba na Novemba. (Tangu bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa mwaka 2022, maji ya upande wa chini hufuata pia milango ya bwawa, wala si mvua peke yake, yafaa kuuliza habari kabla ya kufungua kamba.) Wakati wa maji haba kina hakiwi sawasawa pote. Maji hujikusanya katika mkondo unaopindapinda kati ya mafungu ya mchanga. Penye kona mkondo hupita upande wa nje, chini ya ukingo uliosimama wima; upande wa ndani ni mchanga. Wala msafiri asitegemee njia ya mwaka jana, kwa kuwa gharika huyahamisha mafungu.

Chelezo kikikwama, wote hushuka wakitumaini kitaelea. Na tufanye hesabu. Chelezo cha futi 10 kwa 12, chenye magogo yaliyoshikana, huzama inchi 1 kwa kila ratili 620 hivi. Basi wakishuka watu wazima wanne, chainuka inchi moja tu! Afadhali kupunguza mizigo kabla ya safari. Tena kikikwama, wasisukume mbele, maana mkondo wenyewe wazidi kukipandisha mchangani. Watu na wahamie upande unaoelea, kisha wakirudishe nyuma kwa pondo.

Lakini shida kubwa ni hii: maji yale yenye kina ayatafutayo msafiri ndiyo ayatafutayo kiboko. Mto ukikauka, viboko husongamana katika vilindi vichache, na hapo ndipo mkondo upitapo. Mwenye chelezo hawezi kukimbia wala kugeuka upesi. Kwa hiyo akikaribia kilindi agonge magogo kwa pondo, ili wanyama wainue vichwa awaone walipo, naye ashike maji ya kando. Wakiwa wengi, twaona heri kukokota chelezo juu ya mchanga mchana kutwa kuliko kugombania kilindi. Anayeshuka kukokota asishuke peke yake, wala asikanyage maji ya tope asiyoyapima kwa pondo, kwani mamba hujificha humo.

Jua likikaribia kuchwa chelezo kifungwe. Saa hiyo viboko hutoka kwenda kula majani, na njia zao huonekana wazi ukingoni. Moto na malazi viwekwe mbali nazo.